Askari Waliokosea Mlango

Usiku wa tarehe 5 Aprili 2023, yapata saa tano na nusu, askari watatu wa mji wa Farmington, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, walifika kwenye mlango wa nyumba moja wakaanza kugonga. Walikuwa wameitwa kuamulia ugomvi wa nyumbani. Nyumba yenye ugomvi ilikuwa ng'ambo ya barabara. Hii waliyoigonga ilikuwa ya Robert Dotson, mwanamume wa miaka 52, aliyekuwa ghorofani na mkewe, watoto wao nao wakiwa ndani.

Askari waligonga, wakajitaja kuwa ni polisi, wakangoja. Hakuna aliyeitika. Wakagonga tena. Kamera walizovaa vifuani, ambazo picha zake polisi wenyewe walizitoa hadharani siku chache baadaye, zinawaonyesha wakianza kuulizana kama namba ya nyumba ni hiyo kweli. Mmoja anataja namba ya ng'ambo. Wanataniana kidogo, utani wa watu walioanza kuhisi wamekosea lakini hawajataka kulitamka. Walikuwa wameshaanza kurudi nyuma pale mlango ulipofunguka. Dotson alitokeza na bastola mkononi, mwanga wa tochi ukampiga usoni, ikapigwa kelele ya kumtaka anyooshe mikono, na risasi zikafuata papo hapo. Alikufa mlangoni pake.

Mkewe aliteremka akamkuta mumewe amelala chini. Nje ni giza, na gizani kuna watu waliompiga risasi. Akashika bastola akafyatua kuelekea huko. Askari wakamjibu kwa risasi, na kwa bahati hazikumpata. Alipotambua kuwa walioko nje ni polisi, aliiweka silaha chini akawaomba msaada. Kwa maelezo ambayo familia iliyapeleka mahakamani, hata hapo mama huyu hakuwa amejua kwamba anaowaomba msaada ndio waliomuua mumewe.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake hamna jambazi, wala askari aliyetoka kituoni akiwa amekusudia kuua. Penye mwovu, lawama hupata pa kukaa upesi. Penye watu wa kawaida, kila mmoja na sababu yake, lawama huzungushwa kutoka mkono huu hadi mkono ule, na mara nyingi humwishia marehemu, kwa kuwa yeye hana tena kinywa cha kujitetea.

Farmington ndivyo ilivyokwenda. Mwanasheria mkuu wa jimbo aliamua kutowashtaki wale askari. Familia ikafungua kesi ya madai, na Mei 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho akasema askari wanalindwa na kinga ambayo sheria za Marekani huwapa maofisa wa serikali, kinga inayomwondolea ofisa dhima mpaka ithibitike kuwa alivunja haki ambayo tayari ilikuwa wazi kisheria. Hoja iliyowaokoa askari ni fupi: mlango ulifunguka, mtu akaonekana na bastola, askari akaogopea maisha yake. Ukianza kuhesabu kutoka hapo, ni kweli, nafasi ya kufanya jambo lingine ilikuwa finyu mno.

Lakini kwa nini tuanze kuhesabu hapo?

Ugomvi wangu na namna visa hivi vinavyoamuliwa uko kwenye swali hilo. Mlango haukujifungua wenyewe. Kabla haujafunguka, kuna mtu alisoma namba ya nyumba, au hakuisoma. Kuna mtu aliona shaka, akaicheka, akabaki kibarazani. Yupo aliyeliegesha gari mahali ambapo aliye ndani asingeliona. Hao wote walikuwa na muda, na walikuwa macho. Aliyekuwa hana muda ni yule aliyetoka ghorofani kuja kuona nani anagonga usiku wa manane.

Sheria ina historia yake katika hili. Mwaka 1989, katika kesi ya Graham dhidi ya Connor, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba nguvu aliyotumia askari ipimwe kwa jicho la askari mwenye busara aliyekuwa pale pale wakati ule, isipimwe na mtu aliyekaa ofisini anayejua mambo yaliishaje. Kanuni hiyo siipingi yote. Askari huamua kwa nukta, sisi tunamhukumu kwa miezi. Tatizo ni pale baadhi ya mahakama za rufaa zilipoikaza zaidi na kusema kinachotazamwa ni sekunde zile za hatari tu, yaliyotangulia hayahusiki. Mwaka 2010, katika kaunti ya Los Angeles, askari wawili waliingia bila hati na bila kujitaja katika kibanda alimokuwa amelala mwanamume na mchumba wake mjamzito. Mwanamume alikuwa na bunduki ya upepo ya kupigia panya. Askari wakaiona, wakamimina risasi. Mwanamume akakatwa mguu. Mahakama ya rufaa ilisema askari wabebe dhima kwa kuwa wao ndio waliochokoza hatari hiyo kwa kuingia kinyume cha sheria. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikaifuta kanuni hiyo ya uchokozi.

Miaka minane baadaye, Mei 2025, mahakama hiyo hiyo ililegeza kidogo. Katika kesi iliyotoka Texas, ambayo chanzo chake kilikuwa dereva aliyesimamishwa barabarani, majaji wote tisa walikubaliana kwamba huwezi kumpima askari kwa sekunde ya mwisho peke yake. Lazima utazame tukio zima. Ila swali lenyewe hasa, la askari aliyejitengenezea hatari kwa mikono yake mwenyewe kisha akaiogopa, waliliacha bila jibu. Liko hapo hadi leo.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, mahakama hii hii ilitamka kwamba raia ana haki ya kikatiba ya kuweka bastola nyumbani kwake kwa ajili ya kujilinda. Majimbo mengi yana sheria zinazoihesabu nyumba ya mtu kuwa ngome yake: anayevamiwa humo hana wajibu wa kukimbia. Taasisi ya Small Arms Survey ilikadiria mwaka 2018 kwamba silaha zilizo mikononi mwa raia wa Marekani ni kama milioni 393, zaidi ya idadi ya watu wenyewe. Serikali, basi, inamwambia raia: hii ni haki yako, iweke kando ya kitanda, ukisikia kishindo usiku uichukue. Na serikali ile ile inamwambia askari wake: ukimwona mtu na silaha usiku, una haki ya kuogopa, na ukiogopa una haki ya kupiga. Wawili hawa wakikutana mlangoni, kila mmoja amefanya alichoruhusiwa, na mmoja ni maiti.

Hofu ziko mbili, lakini inayosamehewa ni moja. Hofu ya askari, ambaye amefunzwa, ana redio, ana wenzake na vazi la kuzuia risasi, inaitwa ya busara. Hofu ya mtu aliyeamshwa na kishindo, aliyevaa nguo za kulalia, inaitwa kosa lililomponza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Twende Fort Worth, Texas, maana huko mambo yalikwenda tofauti, na tofauti hiyo ina la kutufunza. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Oktoba 2019, Atatiana Jefferson, msichana wa miaka 28, alikuwa nyumbani kwa mama yake na mpwa wake wa miaka 8. Jioni walikuwa wamepika nyama za kusaga zikaungua, wakafungua milango moshi utoke. Usiku ukawakuta wanacheza michezo ya video. Jirani, mzee aliyeijali familia ile, akaona milango iko wazi na taa zinawaka saa nane usiku, akaingiwa na wasiwasi. Hakupiga hata namba ya dharura. Alipiga ile ya kawaida, akaomba polisi wapite kuona kama majirani zake wako salama.

Hapo ndipo ombi lilipogeuzwa sura. Kutoka kwa jirani lilitoka kama ombi la kujuliwa hali. Kwa askari lilifika kama taarifa ya jengo lililokutwa wazi, na jengo lililokutwa wazi usiku katika akili ya askari ni wizi. Maneno machache yaliyobadilishwa kwenye mtambo wa simu yakaigeuza familia kuwa washukiwa. Naona lawama ya hatua hii hutajwa kidogo mno, kwa kuwa aliyeandika maneno hayo hakushika bunduki.

Walikuja askari wawili. Gari waliliacha mbali kidogo na nyumba. Hawakugonga, hawakubisha hodi kwenye mlango ambao ulikuwa wazi kabisa. Walizunguka kimya kimya na tochi, wakafungua geti la uani. Atatiana akasikia nyayo nje ya dirisha la chumba alimokuwa na mtoto. Akachukua bastola yake, aliyoimiliki kihalali, akasogea dirishani. Askari Aaron Dean akapiga kelele kumtaka aonyeshe mikono yake, na kabla mtu hajaweza kulitii neno hilo, akafyatua risasi moja kupitia kioo. Hakusema kuwa yeye ni polisi, wala mara moja. Mtoto aliyaona yote.

Katika kesi iliyosikilizwa Desemba 2022, Dean alisema aliona mtutu ukimwelekea. Askari mwenzake aliyekuwa naye uani alitoa ushahidi kwamba hakumsikia akitaja bunduki. Mwendesha mashtaka akampitisha Dean hatua kwa hatua katika mambo aliyoyafanya usiku ule, akimwuliza kila mara kama hiyo ni kazi nzuri ya polisi, na mara kadhaa akajibu kwamba sivyo. Juri haikumtia hatiani kwa mauaji ya kukusudia. Ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka 11, miezi 10 na siku 12.

Kwa nini huyu alifungwa na wale wa Farmington hawakushtakiwa hata kidogo? Silaha ilikuwepo kote kuwili. Hofu ilikuwepo kote kuwili. Nionavyo mimi, jibu liko kwenye yale yaliyotangulia risasi. Farmington walijitaja, japo kwenye mlango usio wao. Fort Worth askari alinyata kama mwizi, kisha akashangaa kupokewa kama mwizi. Juri ya raia wa kawaida, watu wenye milango na madirisha yao, iliweza kufanya jambo ambalo majaji wengi hawataki kulifanya: ilirudisha saa nyuma. Ilitazama geti la uani lilivyofunguliwa.

Mfano wa tatu unatupeleka mbali zaidi nyuma, mpaka kwenye karatasi. Louisville, Kentucky, tarehe 13 Machi 2020, saa saba kasoro dakika ishirini usiku. Askari walivunja mlango wa Breonna Taylor wakiwa na hati ya upekuzi. Mtu waliyekuwa wakimwinda hasa alikuwa mpenzi wake wa zamani, aliyekuwa akiishi kwingine. Breonna alikuwa kitandani na Kenneth Walker, mwenye bastola ya leseni. Walker alisema walisikia mlango unabamizwa, wakauliza nani, hawakujibiwa. Polisi walisisitiza kwamba walijitaja. Mlango ulipoanguka, Walker alifyatua risasi moja, ikampata askari pajani. Askari watatu wakajibu kwa risasi 32. Breonna, ambaye hakushika chochote, akafa ukumbini mwa nyumba yake. Katika nyumba ile hazikukutwa dawa za kulevya wala pesa za biashara hiyo.

Tazama sasa safari ya lawama. Wa kwanza kukamatwa alikuwa Walker, akashtakiwa kwa kujaribu kumuua askari. Shitaka hilo likafutwa baadaye. Septemba mwaka huo juri kuu ya jimbo ilimshtaki askari mmoja tu, Brett Hankison, na kosa lenyewe lilihusu risasi zake zilizopenya ukuta na kuingia nyumba ya jirani. Kwa risasi zilizomuua Breonna, hakuna aliyeshtakiwa. Mwaka 2022 mpelelezi mmoja, Kelly Goodlett, alikiri mbele ya mahakama ya shirikisho kwamba alishiriki katika kupanga maelezo ya uongo yaliyotumika kuombea hati ile. Mtu angedhani hapo mzizi umepatikana: asingedanganywa hakimu, mlango usingevunjwa.

Agosti 2024 jaji wa shirikisho, Charles Simpson, alipokuwa akipunguza mashtaka ya askari wengine wawili waliohusishwa na hati hiyo, aliandika kwamba chanzo cha kisheria cha kifo cha Breonna kilikuwa uamuzi wa Walker wa kufyatua risasi. Soma tena sentensi hiyo. Waliodaiwa kutunga uongo wako mbali na kifo. Aliyelala akaamshwa na mlango unaovunjwa ndiye aliyekisababisha. Sina elimu ya sheria ya kumsahihisha jaji, na huenda kwa vitabu vyake yuko sawa. Ila mizani inayotoa jibu hilo ina kasoro, hata kama mpimaji ni mwaminifu.

Hankison alitiwa hatiani Novemba 2024 kwa kuvunja haki za Breonna, akahukumiwa miezi 33 mwezi Julai 2025. Risasi zake kumi hazikumgusa mtu yeyote.

Uongo kwenye hati si jambo lililoanzia Louisville. Novemba 2006 kule Atlanta, askari wa kikosi cha dawa za kulevya waliivamia nyumba ya bibi mmoja, Kathryn Johnston, aliyetajwa kuwa na miaka 92, kwa hati iliyopatikana kwa maelezo ya kutunga. Bibi huyo, akiishi peke yake katika mtaa wenye wizi, alipiga risasi moja kupitia mlangoni. Askari wakafyatua risasi 39, wakamuua. Kisha wakaweka bangi ndani ya nyumba ili ionekane walikuwa na sababu. Watatu walifungwa na mahakama ya shirikisho, wa kwanza miaka 10, wa pili 6, wa tatu 5. Hapo sheria ilifanya kazi yake, lakini niseme wazi: iliwashika kwa kuwa walidanganya kabla na baada. Kama hati ingekuwa ya kweli na bangi isingepandikizwa, nina shaka kama kuna ambaye angelala jela hata usiku mmoja, na bibi angekuwa amekufa vile vile.

Ningependa kuishia kwenye visa vya namna hiyo, kwa sababu vinaniweka upande ulio safi. Haki inanidai nikitaje na kigumu. Tarehe 30 Julai 2018, Aurora, Colorado, mtu mmoja aliye uchi na aliyechanganyikiwa alivunja mlango wa nyumba ya Richard Black, mzee wa miaka 73 aliyepigana Vietnam, akamkamata mjukuu wake wa miaka 11 bafuni akimkaba na kutaka kumzamisha. Mzee akachukua bastola akampiga yule mvamizi, akamwokoa mtoto. Polisi wakafika wakati huo huo, wakasikia milio ya risasi ndani, wakamwona mtu anatokea na tochi mkono mmoja na bastola mkono mwingine. Wakampigia kelele aitupe, mara kadhaa, ndani ya sekunde kama 13. Masikio ya mzee yalikuwa yameharibiwa na vita. Hakuitupa. Askari akamuua. Mwendesha mashtaka wa wilaya aliamua kwamba askari hakutenda kosa la jinai.

Kwa askari huyu siwezi kutamka kwa urahisi ninaoutamka kwa Dean. Alifika mahali panapolia risasi, hakumjua nani ni nani, na alitoa amri kabla ya kupiga. Lakini hata hapa ukirudi nyuma unakuta la kuuliza: askari huyo huyo alikuwa ameshampiga mtu mwingine risasi na kumuua wiki chache tu kabla ya usiku ule. Nani aliamua kwamba yuko tayari kurudi doria? Swali hilo halimhusu yeye. Linamhusu aliyepanga zamu.

Neno ninalotaka lisikike katika visa vyote hivi ni kwamba dhima hupimwa kwa nafasi ya kuchagua. Anayechagua saa ya kwenda, mlango wa kugonga, mahali pa kuegesha gari, na kama atajitaja au hatajitaja, ndiye mwenye dhima kubwa, hata kama mwishoni kabisa alikuwa na haki ya kuogopa. Juu yake wapo waliomtuma: aliyeandika hati, aliyepokea simu, aliyempanga kazini, na wabunge walioweka bunduki pande zote mbili za mlango kisha wakaenda kulala. Mwenye nyumba naye ana sehemu yake, sikatai. Kufungua mlango silaha ikiwa imeinuliwa ni hatari kwa yeyote aliyesimama nje, awe askari, mtoto wa jirani au mgeni aliyepotea. Sehemu hiyo ni ndogo, na ameshailipia kwa bei isiyorudi.

Nasi huku tusijione tumesalimika kwa kuwa bastola majumbani ni chache. Sheria za mwenendo wa jinai za Kenya na Tanzania, zote mbili, zinasema hati ya upekuzi itekelezwe kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imetoa ruhusa ya saa nyingine. Waliotunga masharti hayo walijua kwamba usiku humfanya kila mtu kuwa adui. Ni kifungu kizuri, na kila raia akijue. Kukiheshimu ni habari nyingine, na anayeishi mitaani kwetu hahitaji kuelezwa.

Kuhusu fidia, nitapita haraka. Louisville ililipa familia ya Breonna dola milioni 12, Atlanta ililipa milioni 4.9, Fort Worth ilikubali kumlipa mpwa wa Atatiana milioni 3.5. Pesa hizo zilitoka kwenye hazina za miji, yaani kwa walipa kodi, wakiwemo majirani wa marehemu.

Sasa nina neno kwa ndugu zetu mlioko huko, Dallas na Fort Worth, Minneapolis na kwingineko, ambao baadhi yenu mmeshanunua bastola kama majirani zenu. Mei 2024 kule Florida, Roger Fortson, kijana mweusi wa miaka 23 wa jeshi la anga, alisikia mlango unagongwa. Askari wa sherifu alijitaja. Fortson alifungua akiwa ameshika bastola iliyoelekezwa sakafuni. Alipigwa risasi ndani ya sekunde chache, na amri ya kuitupa silaha ikatolewa baada ya risasi. Sherifu alimfukuza kazi askari huyo, na Agosti mwaka huo askari akashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mtutu ulioelekezwa chini haukumsaidia Fortson. Kwa hiyo mlango ukigongwa usiku na hujui ni nani, usifungue. Washa taa za nje. Piga 911 wewe mwenyewe, taja anwani yako, uliza kama kuna askari waliotumwa kwako. Mwambie opereta kama una silaha ndani na iko wapi, na ukihakikishiwa kuwa ni polisi, iache huko huko iliko kabla hujagusa kitasa, kisha ufungue mikono ikiwa mitupu na inaonekana. Ninajua ninachofanya hapa: kazi ya askari ya kuhakikisha mlango ninaihamishia kwa aliye ndani. Ninaihamisha kwa sababu nataka mfike asubuhi.

Na mlio na uraia, kuna jambo jingine lililo mikononi mwenu. Katika sehemu kubwa ya Marekani sherifu wa kaunti huchaguliwa kwa kura. Mwendesha mashtaka wa wilaya, yule anayeamua kama askari atashtakiwa au ataachwa, naye huchaguliwa kwa kura, na katika majimbo mengi hata mwanasheria mkuu. Aliyeamua kesi ya Aurora alichaguliwa, na aliyeamua ya Farmington alichaguliwa. Majina hayo huwa chini kabisa kwenye karatasi, baada ya rais na maseneta, na watu wengi huchoka kabla ya kuyafikia. Msiyaruke. Waulizeni wagombea, kabla hamjawapa kura, saa yao ya kuhesabu huanzia wapi: mlango unapofunguka, au askari anapoagizwa kwenda?